Kifundo kikilegea, bunduki isilaumiwe

KILA Jumatatu asubuhi lawama huamka mapema kuliko wauza chai. Kuanzia vijiwe vya bodaboda vya Tabora Mjini, Nzega, Urambo na Kaliua, kisha kushuka na reli mpaka Kigoma, swali huwa lilelile: "Jana tumefungwa kwa nini?"

Majibu nayo huwa yaleyale. Uwanja ulikuwa na mashimo. Mpira ulijazwa upepo kupita kiasi. Refa kachezesha hovyo. Straika ni garasa. Kocha hajui kupanga kikosi. Mvua ikinyesha, mkosaji ni mvua. Jua likiwaka, mkosaji ni jua.

Jibu moja tu ndilo halisikiki kijiweni: mpigaji hakupiga inavyotakiwa.

Somo la lawama za namna hii lipo katika mchezo mwingine ambao kurasa za michezo za hapa nchini huuandika mara chache, nao ni kulenga shabaha kwa bastola. Ajabu ni kwamba mashabiki wa kandanda huazima maneno ya bunduki kila siku ya Mungu. Shuti kali ni kombora. Mshambuliaji hufyatua. Arsenal ni Washika Bunduki wa London. Lakini wanaoijua bunduki yenyewe wana busara moja ambayo soka la Tanzania halijaiazima, na ndiyo inayohitajika kuliko hayo maneno.

BASTOLA INAPOKWAMA

Bastola ya kisasa inayojijaza yenyewe hufanya kazi kwa teke lake. Risasi inapotoka, nguvu ya baruti hukisukuma nyuma kipande cha juu cha bastola. Kipande hicho kikirudi nyuma hulitupa nje ganda tupu na kuibana springi. Springi nayo hukirudisha mbele, na katika safari hiyo kinaichomoa risasi mpya kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba. Yote hayo hutokea kabla mtu hajapepesa jicho.

Lakini mtambo huo umetengenezwa kwa kutegemea jambo moja: kwamba sehemu ya chini, yaani mpini, imeshikwa na kutulia. Kipande cha juu kinatakiwa kikimbie wakati mpini umekaa.

Sasa chukua mtu ambaye kifundo chake cha mkono kimelegea. Anafyatua, na bastola nzima, juu na chini, inarudi nyuma pamoja na mkono. Nguvu iliyotakiwa kukisukuma kipande cha juu mpaka mwisho wa njia yake imeishia kwenye mkono uliolegea. Kipande hakifiki mwisho. Ganda tupu linakwama mlangoni, limesimama wima kama bomba la moshi. Au ganda linatoka, lakini risasi mpya haiingii.

Mtu huyo ataitazama ile bastola na kusema, "Hii mbovu."

Mkufunzi huichukua bastola ileile, na risasi zilezile, akamaliza magazini nzima bila kukwama hata mara moja. Bastola haikuwa mbovu. Kilichokuwa kimelegea ni kifundo.

Hapo ndipo wengi wangependa hadithi iishe, lakini haiishii hapo. Mara nyingine bastola ni mbovu kweli. Mdomo wa magazini unaweza kuwa umepinda. Springi inaweza kuwa imechoka. Vumbi na masizi vinaweza kuwa vimejaa ndani, mafuta yamekauka. Risasi zenyewe zinaweza kuwa dhaifu, hazina nguvu ya kuusukuma mtambo. Anayemwambia kila mtu "kaza mkono" bila kuifungua silaha na kuitazama naye anakosea kama yule anayelaumu silaha bila kujitazama mkono.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawabishani, wanapima. Bastola ileile, mkono mwingine. Mkono uleule, magazini nyingine. Magazini ileile, risasi za boksi jingine. Kinabadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, mpaka mkosaji ajitokeze mwenyewe.

Kuna na kosa la pili, la siri zaidi. Mpigaji anayeliogopa teke huanza kujikinga kabla risasi haijatoka. Anaivuta triga kwa pupa, mkono unasukuma mdomo wa bastola chini, risasi inachimba ardhi. Ukimuuliza, atakwambia bastola haijanyooshwa vizuri, inapiga chini. Dawa ya wakufunzi ni rahisi. Wanachanganya risasi ya bandia katikati ya zile za kweli bila yeye kujua ilipo. Akiifikia hiyo, bastola inalia "ka!" tu, hakuna mlipuko wala teke, na bado mdomo unazama chini. Hapo hana pa kukimbilia. Kila aliyesimama pale ameona kwamba mkono ndio ulioshtuka.

GUMEGUME NA BARUTI MBICHI

Unyamwezi iliyajua haya zamani sana, kabla hakujawa na ligi wala timu ya mtaa.

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wageni wa mwanzo waliiandika kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1857 wakaikuta njia tayari imekanyagwa na Wanyamwezi na wafanyabiashara wa pwani. Pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani vilishuka kwenda Bagamoyo. Nguo, shanga, bunduki na baruti vilipanda kutoka pwani. Barabara nyingine iliendelea magharibi mpaka Ujiji.

Bunduki nyingi zilizopanda njia hiyo zilikuwa magobore ya gumegume. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshahamia kwenye silaha mpya, na zile kuukuu zikatafutiwa soko huku. Gumegume hutoa cheche kwa jiwe kugonga chuma. Cheche iwashe baruti kidogo iliyowekwa pembeni, na moto upenye katundu kuingia kwenye kasiba. Jiwe likichakaa, hakuna cheche. Baruti ikipata unyevu, hakuna moto. Na hata ikiwaka, mpigaji husubiri kidogo kati ya cheche na mlipuko, na katika kipindi hicho kifupi mwoga hufumba macho na kugeuza uso.

Kwa hiyo kusema "bunduki mbovu" enzi hizo haikuwa kisingizio cha bure. Chombo chenyewe kilikuwa na kasoro nyingi.

Lakini itazame vita ya mwaka 1871. Wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe walitoka na jeshi kubwa lenye bunduki nyingi kwenda kumpiga Mtemi Mirambo wa Urambo. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga nao pamoja na watu wake. Waliteka boma, wakapakia mali, wakaanza kurudi wameelemewa na mzigo. Mirambo alikuwa amejificha na watu wake kwenye majani marefu kando ya njia. Aliwapiga wakiwa wametawanyika, mikono imejaa ngawira.

Haikupita muda, Mirambo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Stanley ilibidi atafute njia nyingine ya kwenda Ujiji, kwa kuzunguka kusini. Baadaye alikuja kumfananisha Mirambo na Napoleon Bonaparte.

Bunduki zilikuwapo pande zote mbili, na kasoro za gumegume hazikuchagua upande. Tofauti ilikuwa mikononi na vichwani: nani ametulia, nani anajua lini afyatue, nani hajalewa ushindi wa nusu ya kwanza. Shabiki yeyote aliyeiona timu yake ikiongoza mpaka mapumziko kisha ikafungwa kipindi cha pili anaijua vita hiyo vizuri, hata kama hajasoma historia.

Mirambo alifariki mwaka 1884. Jina lake limebaki kwenye kambi ya jeshi mjini Tabora, na wazee wa soka bado wanaikumbuka Milambo, timu iliyobeba jina hilo.

MKONO MFUKONI

Kama kuna aliyedhani mambo ya mkono na chombo ni ya kale, Olimpiki ya Paris 2024 ilimjibu.

Katika bastola ya upepo ya mita 10, wapinzani wengi walivaa miwani maalumu yenye lenzi moja na vizibo vya kufunika jicho la pili. Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu mzima wa miaka 51, alisimama na fulana, miwani yake ya kawaida na mkono wa kushoto mfukoni. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wakaondoka na medali ya fedha katika timu mchanganyiko. Picha yake ikazunguka dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo, mpaka vijana wakawa wanasherehekea mabao kwa kusimama kama yeye.

Watu wengi waliisoma picha ile vibaya. Walisema, "Mnaona? Vifaa si kitu." Sivyo. Bastola aliyoishika Dikeç ilikuwa bastola halali ya mashindano, si gobore la kuokota. Alichokiacha nyumbani ni mapambo. Na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Kilichoonekana kama uzembe wa mkono mfukoni kilikuwa mwili uliofunzwa kutulia kwa miaka mingi.

Wa kumfuata ni Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti lililipuka kwenye mkono wake wa kulia, ule wa kulengea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1948 alitwaa dhahabu ya bastola kwenye Olimpiki ya London, na mwaka 1952 akairudia Helsinki. Mtu huyu alikuwa na sababu ya kweli ya kulalamika kuliko straika yeyote wa Ligi Kuu. Alichagua kuufundisha mkono mwingine.

KIFUNDO CHA MGUU

Sasa mpira. Kiswahili kimetoa neno moja kwa viungo viwili: kifundo cha mkono na kifundo cha mguu. Katika kupiga shuti, kazi yao ni ileile.

Kocha yeyote wa watoto anaijua orodha hii. Mguu wa kusimamia ukae kando ya mpira, si nyuma yake. Goti liwe juu ya mpira. Mwili usilale nyuma. Macho yabaki kwenye mpira mpaka uondoke. Na kifundo cha mguu unaopiga kikazwe. Kifundo kikilegea, mguu unapokutana na mpira unakunjika, nguvu ya paja inapotelea hapo, na mpira unatoka dhaifu au unakwenda uelekeo usiotakiwa. Mwili ukilala nyuma, mpira unapaa juu ya mwamba na jukwaa zima linashika kichwa.

Na kosa la pili la bastola lipo vilevile. Mpigaji penalti anayeinua macho kumwangalia kipa kabla hajaugusa mpira ni ndugu wa yule anayeshtuka kabla risasi haijatoka.

Kipimo cha "bastola ileile, mkono uleule" Afrika nzima imekishuhudia. Tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, Ghana dhidi ya Uruguay. Luis Suárez kaudaka mpira kwa mkono kwenye mstari, dakika za muda wa nyongeza zimekwisha, penalti. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba. Mpira ulikuwa Jabulani, ule uliolalamikiwa na makipa wa kila nchi.

Dakika chache baadaye zikaja penalti za kuamua mshindi. Aliyetangulia kupiga kwa Ghana ni Gyan huyohuyo. Mpira wa Jabulani uleule. Mguu uleule. Akafunga. Ghana ilitolewa, lakini swali la chombo lilikuwa limejibiwa. Na upande wa pili alikuwapo Diego Forlán, aliyefunga mabao matano katika mashindano yale na kutangazwa mchezaji bora, kwa mpira ambao wengine walisema haushikiki wala haupigiki.

Huku nyumbani, Aprili 2024, Simba ilikwenda Kigoma, mwisho wa njia ya zamani ya misafara, kucheza na Mashujaa katika Kombe la Shirikisho kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika. Sare ya 1-1, kisha penalti, Mashujaa 6-5. Yapo mengi ya kusemwa kuhusu viwanja vya mikoani, na mengine ni kweli. Lakini doa la penalti ni moja, goli ni moja, na timu zote mbili zilipigia hapohapo.

CHAMAZI MARA MBILI

Timu ya Tabora yenyewe imetoa mifano miwili ya kufundishia, na yote miwili ilitokea Uwanja wa Azam Complex, Chamazi.

Mfano wa kwanza ni Agosti 2023. Timu iliyopanda daraja kwa jina la Kitayosce na kuja kuitwa Tabora United ilifungua Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani, kwa sababu ya matatizo ya usajili. Wawili wakaumia, wakabaki sita. Kanuni hairuhusu mechi kuendelea timu ikiwa na wachezaji chini ya saba. Dakika ya 15 mpira ukaisha, Azam ikiwa mbele 4-0.

Siku hiyo ingekuwa ukatili kumwambia beki yeyote wa Tabora "kaza kifundo". Vijana walipelekwa vitani na bunduki isiyo na risasi. Kosa halikuwa la mpigaji. Lilikuwa la ofisi.

Mfano wa pili ni Novemba 2024. Uwanja uleule, klabu ileile. Safari hii mpinzani ni Yanga, bingwa mtetezi. Tabora United ikashinda 3-1, Offen Chikola akifunga mawili. Chombo hakikuwa cha anasa. Tabora haikuwa na kikosi cha mabilioni. Ilikuwa na wachezaji kumi na moja waliosajiliwa, na miguu iliyokuwa imekaza.

Tazama kilichofuata upande wa pili. Siku chache kabla Yanga ilikuwa imefungwa 1-0 na Azam. Baada ya kipigo cha Tabora, haukupita muda mrefu, kocha Miguel Gamondi akaonyeshwa mlango. Huyu ndiye aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia. Akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari. Akaja Miloud Hamdi, na Yanga ikachukua ubingwa wa 2024/25.

Wapo watakaosema, "Si unaona, kufukuza kocha kulisaidia." Inawezekana. Lakini nani anaweza kuthibitisha? Katika miezi hiyo walibadilika makocha, mbinu, afya za wachezaji waliokuwa majeruhi, na wapinzani. Ukibadilisha mkono, magazini na risasi kwa pamoja, bastola ikilia vizuri hujui ni kipi kilichokuwa kibovu. Msimu ujao ikikwama tena, utafukuza tena, kwa kubahatisha tena. Hiyo ndiyo gharama. Klabu inapata matokeo lakini haipati elimu.

Na mwisho wa msimu ule, Yanga hiyohiyo ikamsajili Chikola. Ni usajili mzuri. Lakini klabu inayonunua kila mguu ulioiumiza, bila kujiuliza kwa nini miguu yake yenyewe ilishindwa siku ile, itakuwa na ghala kubwa la bunduki na wapigaji wachache.

JEMBE LISILO NA MPINI

Waswahili wana methali: mchagua jembe si mkulima. Inafaa sana Tabora, kwa sababu jembe la chuma ndilo lililokuwa moja ya bidhaa kubwa za Unyamwezi, likibadilishwa kwa mifugo na kulipiwa mahari. Wanyamwezi walijua kulima na walijua majembe.

Methali hiyo ni nzuri, lakini viongozi wa soka wameigeuza shuka la kujifunikia. Mchezaji akiulizia mshahara wa miezi mitatu, anaambiwa apambane, mchagua jembe si mkulima. Kipa akilalamikia kipara cha golini kilichojaa kokoto, anaambiwa mbona wenzake wanadaka. Kocha akiomba mipira ya mazoezi, anaambiwa Pelé alianza na soksi zilizojazwa matambara.

Kuchagua jembe ni jambo moja. Kupewa jembe lisilo na mpini ni jambo jingine. Mkulima hodari hawezi kulima na chuma kitupu, na hata Dikeç asingepata medali kwa bastola yenye springi iliyokatika. Ndiyo maana uamuzi wa kuvifungia viwanja visivyokidhi vigezo ni sahihi hata unapowaudhi mashabiki wa mikoani wanaolazimika kuifuata timu yao mbali. Uwanja mbovu haumnyimi bao mpigaji mbaya peke yake. Unamfundisha mpigaji mzuri kupiga vibaya, kwa sababu kila siku anajizoeza kuukimbia mpira unaodunda ovyo badala ya kuupiga.

Kwa hiyo hoja haina upande mmoja. Mchezaji anayesingizia kila kitu ni mwongo. Kiongozi anayekana kila kasoro ni mwongo vilevile. Kinachotakiwa ni kipimo.

KIPIMO CHENYEWE

Kipimo hicho hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji mpangilio.

Kwanza, ofisi. Kabla ya msimu, je, kila mchezaji amesajiliwa, madai yamelipwa, leseni zimetoka? Hilo ndilo swali la kama bunduki ina risasi. Likikosa jibu, yote yanayofuata hayana maana, na Agosti 2023 ni shahidi.

Pili, uwanja na vifaa. Je, sehemu ya kufanyia mazoezi inafanana na ile ya mechi? Je, timu ya vijana ina mpira mmoja kwa wachezaji ishirini, au kila kijana anaugusa mpira wa kutosha? Mpigaji shabaha hafundishiki kwa kuangalia wenzake wakifyatua.

Tatu, kifundo. Hapa ndipo klabu nyingi hupita haraka. Mazoezi ya mbio yapo. Mechi za kirafiki zipo. Lakini ni mara ngapi straika anabaki baada ya mazoezi na kocha mmoja, kipa mmoja na mipira thelathini, akapiga kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mtu akiandika ngapi zimelenga goli na ngapi zimepaa? Takács alijifunza kwa mkono wa kushoto akiwa mtu mzima. Winga wa miaka 19 hashindwi kujifunza mguu wa pili.

Nne, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Timu isipofunga mechi nne, kocha abadilishe mpigaji kabla ya kubadilisha mfumo wote. Uongozi ubadilishe mazoezi kabla ya kubadilisha kocha. Na kocha akiondolewa, sababu iandikwe kwenye karatasi, ili anayekuja ajue alichokabidhiwa.

Somo hili linaihusu Tabora kwa namna ya pekee. Mwaka 2025 timu ilipata mmiliki mpya na kubadili jina kuwa TRA United. Klabu iliyoanza Ligi Kuu na wachezaji wanane sasa ina mgongo wa kuegemea. Hiyo ni heri kubwa kwa mji uliowahi kuiona Rhino Rangers ikipanda Ligi Kuu na kushuka.

Lakini heri hiyo ina mtego wake. Klabu isiyo na fedha hulazimika kuwafundisha vijana wake. Klabu yenye fedha hushawishika kununua. Kila dirisha la usajili litaleta mawakala na video za mabao, na kila kipigo kitaleta sauti za kutaka straika mpya kutoka nje. Mara moja moja sauti hizo zitakuwa sahihi. Mara nyingi dawa itakuwa kwenye shule za Tabora, kwenye mashindano ya UMISSETA, kwenye viwanja vya vumbi vya Urambo na Sikonge, kwa vijana ambao hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote namna ya kukaza kifundo.

Shabiki naye asijivue lawama. Anayempigia kelele straika kwa sababu ya kukosa bao moja, kisha akanyamaza kiongozi anaposhindwa kusajili timu, ameshika bunduki kichwa chini. Na anayemtetea straika kwa mechi kumi kwa kuusingizia uwanja hamsaidii. Anamnyima nafasi ya kujirekebisha.

Jumatatu ijayo vijiwe vitajaa tena, chai itamiminwa, na mmoja atasema, "Kaka, tatizo ni straika." Aulizwe maswali mawili tu. Mwingine akisimama pale pale, na mpira uleule, angefunga? Na yeye huyohuyo, akipewa uwanja mzuri, angefunga? Majibu ya maswali hayo yataonyesha kama ni wakati wa kutafuta bunduki nyingine, au wa kurudi uwanjani jioni na mipira thelathini.